Pua Haitoshi Kupima Samaki

"Nusa mwenyewe, hana harufu," muuzaji akikuambia hivyo, wengi wetu huridhika, tukalipa na kwenda zetu. Nami nilifanya hivyo hapa Nakuru. Jodari wangu hakuwa na dosari, nikamkaanga akaiva barabara. Kabla ya saa moja kwisha uso uliniwaka kama niliyepakwa pilipili, kichwa kikagonga na mwili ukawasha. Nilidhani nimekuwa na mzio wa samaki, kumbe nilikuwa nimekula histamini.

Nyama ya jodari na vibua ina histidini nyingi. Samaki hao wakikosa baridi, bakteria huongezeka na kuigeuza histidini kuwa histamini. Wanasayansi wamebaini kwamba bakteria wengi hupashana habari kwa kemikali: wakiwa wachache hutulia, wakishakuwa jeshi hubadili mwenendo kwa pamoja. Dawa ni kuwazuia wasifikie wingi huo, na kizuizi ni baridi isiyozidi digrii 4 tangu pwani hadi jikoni.

Ubaya wa histamini ni kwamba haina harufu na moto hauiondoi. Kaanga, chemsha, itabaki. Codex, tume ya FAO na WHO, imeweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo ya samaki. Ni pua ya nani itakayopima hizo?

Anayetumia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, yumo hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachoivunja histamini mwilini. Huyo asiache dawa hata siku moja. Aache samaki wa kutiliwa shaka.

Samaki wa Mombasa husafiri zaidi ya kilomita 600 kutufikia. Umeme nao hupotea, ingawa mvuke wa Olkaria, katika kaunti yetu hii, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani. Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa saa 4 hivi tu. Muuzaji anayezima friza usiku ili kupunguza bili, kisha akaiwasha alfajiri, hutuuzia samaki aliyeganda upya na kuonekana mzuri, lakini histamini iliyokwisha kufanyika imo mle mle.

Maoni yangu ni kwamba kila friza ya samaki iwe na kipimajoto ambacho mteja anaweza kukisoma, na maafisa wa afya wa kaunti wakague baridi badala ya kunusa. Kipimajoto ni rahisi kuliko kulazwa hospitali.

Nawe msomaji, dalili zikikupata baada ya kula samaki, nenda kituo cha afya, na ukikosa pumzi usingoje hata dakika. Siku nyingine ukienda sokoni, muulize muuzaji umeme ulipotea lini. Akisitasita, nunua maharagwe.