Kiinua Mgongo cha Keya

Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, mamia kati yao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wenzao wa Divisheni ya 11 waliteremka Bonde la Kabaw, huko Burma, mvua ikinyesha bila huruma. Walipambana na matope, malaria na Wajapani hadi Desemba, walipoufikia mto Chindwin pale Kalewa.

Vita vilipokwisha, askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, alipewa kiinua mgongo, akarudi kijijini. Malipo yale yalipimwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi, na kwa rangi. Nyaraka zilizofichuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba mzungu wa jeshi hilohilo la kikoloni aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo hichohicho. Wanaotetea utaratibu ule husema gharama za maisha za Machakos au Songea hazikulingana na za Leeds, Uingereza. Sawa, lakini hoja hiyo haituelezi kwa nini mzungu aliyekuwa akiishi hapahapa Kenya naye alipe­wa zaidi.

Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 kuwasaidia maveterani maskini wa Jumuiya ya Madola na wajane wao. Mwenye njaa hakatai chakula, wala simlaumu aliyekitoa. Ila sadaka hutolewa kwa hiari ya mtoaji, na mshahara uliopunjwa hudaiwa. Hili la pili linakokotoleka: cheo kinajulikana, miezi ya utumishi inajulikana, pengo linajulikana.

Na sisi je? Serikali zetu huru hazikuwa na hamu kubwa ya kuwasemea wazee hawa. Keya ilikuwa bunduki ya mkoloni, na huko Kenya ilitumika dhidi ya Mau Mau, ingawa kiongozi mmoja wa Mau Mau, Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alikwenda msituni akiwa na ujuzi alioupata Burma. Huko Tanganyika, batalioni zilizorithiwa kutoka Keya ziliasi Januari 1964. Jeshi likavunjwa, na Septemba mwaka huo likaanzishwa jeshi jipya, JWTZ. Nani angesimama bungeni kuudai urithi wa namna hiyo? Naelewa aibu ile ya kisiasa, lakini mzee wa Burma hakuhusika nayo.

Pingamizi zito kuliko yote ni umri. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945 sasa ana karibu miaka 100. Kwa wachache waliobaki, na kwa wajane, naona hakuna mjadala: walipwe tofauti yao pamoja na riba, kwa hati inayosema ni malipo ya utumishi. Kuhusu wajukuu nasita. Babu mmoja anaweza kuwa na warithi 60, na pauni zikigawanywa hivyo zitaleta kesi nyingi kuliko nafuu. Kwao ningeanza na barua rasmi ya kukiri kilichofanyika, yenye jina la askari na kiasi alichonyimwa.