Ntheo Haiezeki Nyumba

Jumamosi iliyopita nilikuwa mazishini Kasikeu. Mzee mmoja alipewa kipaza sauti atoe rambirambi kwa dakika mbili, akala ishirini. Katika dakika hizo akagusia ntheo, mbuzi ambao mila ya Wakamba hutaka wapelekwe kwa kina msichana ili awe mke, akasema: "Mwanamke ambaye kwao hakukupelekwa mbuzi wa ntheo ni mgeni tu. Mgeni akiondoka, hubeba mkoba wake." Wanaume wakapiga makofi.

Mgeni? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mnampa jembe siku ya kwanza, kisha mnamnyang'anya shamba mwaka wa kumi.

Nina jirani aliyekuwa "mgeni" kwa miaka kumi na mmoja. Matuta ya fanya juu yanayozuia udongo wa boma la mwanamume aliyeishi naye usiteremke mtoni aliyachimba yeye na wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wakati wa kiangazi, ardhi ikilia kama sufuria. Aliuza ndengu Sultan Hamud, akanunua mabati. Risiti za saruji na misumari alizihifadhi katika mkebe wa majani chai, wino umefifia hadi uziinamishe kwenye mwanga ndipo uzisome. Alipofukuzwa, mabati yalibaki juu ya nyumba. Aliondoka na mkebe.

Mila ina haki ya kusema bila ntheo hakuna mke. Sawa. Ila ntheo haiezeki nyumba. Mbuzi huamua nani ni mke. Hawaamui nani alinunua bati.

Na hili si langu peke yangu. Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu kuhusu watu wawili walioanza kuishi pamoja mwaka wa 1986, wakapata ploti Dagoretti. Majaji walikataa katakata kwamba hiyo ilikuwa ndoa. Kisha wakaigawa mali hiyo: asilimia 70 kwa mwanamke, 30 kwa mwanamume, kwa kuwa wote walichangia. Na sikiliza vizuri, mzee: ploti ilikuwa kwa jina la mwanamke. Aliyekimbilia korti kulilia jasho lake alikuwa mwanamume! Kwa sheria yako ya mkoba, angerudi kwao mikono mitupu. Ungepiga makofi?

Wengine wananiambia tukifungua mlango huu wa kugawana mali bila ndoa, wasichana watazunguka boma hadi boma wakivuna ploti. Ploti zipi, jamani? Huku mvua ikikosa misimu miwili tunahesabu jerikeni. Nani atavumilia miaka kumi na mmoja ya moshi na jembe ili aibe nusu ekari ya mawe? Mwizi wa namna hiyo anafanya kazi kuliko mwenye mali.

Nanyi dada zangu mnaodanganyana kwamba miezi sita ya kumpikia mtu inakufanya mke kisheria: Kenya hakuna hesabu hiyo. Miaka miwili iko kwenye sheria ya ndoa ya Tanzania ya 1971, na hata huko inaweza kupingwa. Majaji wetu waliwaomba wabunge watunge sheria ya wanaoishi njoo-tuishi. Wabunge wetu huharakisha nini ila marupurupu? Tunzeni risiti.

Siku ile ya mazishi tulikuwa tumekaa chini ya mwembe mkubwa, kivuli chake kikitutosha sote. Nilitaka kumuuliza mzee ni nani aliyeutilia maji ulipokuwa mche. Kipaza sauti hakikunifikia.