Viumbe Wasioonekana wa Ziwa Victoria

Mto Ruvubu hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, na maji hayo ya rangi ya udongo, yaliyobeba rutuba iliyooshwa mashambani, huendelea hadi Ziwa Victoria, ambalo halina mto mwingine unaoliingizia maji mengi kuliko Kagera. Ziwani, rutuba hiyo huchukuliwa kwanza na viumbe wasioonekana kwa macho: mwani unaoelea, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na bakteria, ambao huozesha mabaki na kuliwa na vijidudu vya seli moja, hao nao huliwa na wanyama wadogo mno wanaoelea, ambao ndio chakula kikuu cha dagaa wanaoanikwa mwaloni. Rutuba ikizidi, hutawala mwani wa kijani-buluu, ambao wanyama hao huula kwa shida na ambao baadhi ya aina zake zina sumu, kama ilivyotokea ziwani humo baada ya miaka ya 1960, na ukioza humaliza oksijeni ya kina kirefu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na halmashauri za Ngara na Biharamulo hazina budi kuisimamia kwa dhati, kwa kuwa mafunjo yanayofyekwa mabondeni ndiyo yanayochuja matope kabla hayajafika ziwani.