Kutoa ni Moyo, Lakini Hesabu ni Lazima

Imezuka desturi ambayo haifai kuachwa ipite bila kutazamwa. Kila litokeapo janga, liwe njaa, mafuriko au tetemeko, mara huonekana mtu mashuhuri, mwimbaji au mcheza sinema, amesimama mbele ya kamera akiwasihi wananchi watoe walicho nacho. Na kila ombi hilo lisikikapo, mfanyakazi aliyetoka zamu na mkulima wa Mugoma aliyeketi chini ya mgomba wake huuliza swali moja: "Na yeye ametoa nini?"

Wako wasemao kwamba swali hilo ni la husuda. Sisi hatukubali. Hilo ni swali la mtu ajuaye thamani ya shilingi kwa sababu aliipata kwa jembe. Mtu huyo ana haki ya kuuliza, na mwenye kuomba ana wajibu wa kujibu.

Desturi yenyewe si ya jana. Mwaka 1954 Shirika la UNICEF lilimfanya Danny Kaye, mchekeshaji wa Marekani, kuwa balozi wake wa kwanza wa hisani. Tarehe 13 Julai 1985 Bob Geldof na wenzake walifanya tamasha kubwa la Live Aid, London na Philadelphia, kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Fedha nyingi zilipatikana, na asiyekiri hivyo si mtu wa haki.

Lakini mwaka 2006 kundi la U2, ambalo mwimbaji wake Bono alikuwa akizihimiza serikali ziongeze misaada kwa Afrika, lilihamisha sehemu ya biashara yake kutoka Ireland kwenda Uholanzi ili kupata nafuu ya kodi. Walijitetea kwamba hawakuvunja sheria, na ni kweli hawakuivunja. Hata hivyo mnyonge hakosi kujiuliza: hiyo misaada ya serikali hutoka wapi kama si katika kodi? Amwambiaye mwenzake atie mkono mfukoni, na wa kwake akaufunga kwa kifungo, asishangae akichekwa.

Tena liko jambo la heshima. Mwaka 2019 mtangazaji mmoja wa Uingereza alipigwa picha nchini Uganda amembeba mtoto, katika kazi ya hisani ya Comic Relief. Mbunge David Lammy alilaumu waziwazi picha za namna hiyo, zimwonyeshazo Mwafrika kama mtu wa kuokolewa siku zote. Mwaka uliofuata chama hicho kilitangaza kwamba hakitapeleka tena watu mashuhuri Afrika kwa filamu za aina hiyo. Basi manung'uniko ya watu si kelele za bure.

Lakini tusiwanyoshee kidole watu wa ng'ambo peke yao. Mkoa wetu wa Kagera una somo lake. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, watu wasiopungua 17 wakafa, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Nchi nzima ilichanga. Wafanyabiashara na mabalozi walitoa. Wabunge na wasanii walicheza mpira Dar es Salaam ili fedha ipatikane. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli aliwaondoa kazini viongozi wakubwa mkoani kwa madai ya kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina lililofanana na ile ya maafa. Na Januari 2017 wananchi wakaambiwa kwamba Serikali haitamjengea mtu nyumba yake; fedha itatengeneza majengo ya umma, yakiwamo ya shule. Kujenga shule ni jambo jema. Lakini aliyetoa akidhani anamwezekea jirani yake paa, alistahili kuelezwa tangu mwanzo.

Hapo ndipo shaka huota mizizi. Nayo shaka, ndugu wananchi, haimuumizi tajiri. Yeye hurudi nyumbani kwake picha zikiwa zimekwisha kupigwa. Humuumiza yule ambaye nyumba yake itaanguka kesho, akaomba, na watu wakamgeuzia kisogo wakisema, "Tumekwisha kuyaona hayo."

Kwa hiyo tusifanye shaka kuwa kisingizio cha ugumu wa moyo. Wako mashuhuri waliotanguliza vyao. Angelina Jolie alizuru wakimbizi Tanzania mwaka 2001, akijulikana kwa kujilipia safari zake mwenyewe, na mwaka huo huo akatoa dola milioni moja kwa ajili ya wakimbizi wa Afghanistan. Mtu wa namna hiyo akiomba, husikilizwa.

Na sisi wa Ngara twajua kutoa bila kamera. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani mwetu. Kabla mahema ya Benaco hayajaenea, mwenyeji alikwisha kugawana na mgeni maji na kuni zake, na misitu yake ikaisha kwa kukatwa. Hakuna aliyeandika majina ya wenyeji hao. Wahenga walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Basi twapendekeza kanuni tatu, na kila mwanachama azishike katika tawi lake na kila mfanyakazi kazini pake. Kwanza, mwenye kuongoza mchango atoe wa kwake mbele ya watu, kwa kadiri ya uwezo wake, na awe mlipa kodi. Pili, kusudi la fedha litajwe kabla ya senti ya kwanza kupokewa, wala lisibadilishwe bila wachangaji kuambiwa. Tatu, hesabu isomwe hadharani, mahali pale pale palipoombwa mchango, na waliokumbwa na janga wawepo.

Hayo yakitimizwa, mkulima wa Mugoma hatauliza tena kwa kejeli. Atauliza kwa kutaka kujua, ajibiwe, kisha atoe.