Karani wa Mbali na Kampuni Changa

Tangu mwaka 2022, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanzisha mpango wa kuzivutia kampuni za teknolojia, mpango ujulikanao kwa jina la Silicon Zanzibar, habari za kampuni changa hazitoki midomoni mwa viongozi wetu. Husemwa habari za mitaji, za vibali na za majengo ya Fumba. Jambo moja aghalabu halisemwi, nalo ni nani atakayejibu barua.

Hatusemi hivi kwa dhihaka. Kampuni changa haifi kwa ukosefu wa mtaji peke yake. Hufa pia kwa sababu mwenyewe amezama katika ukarani. Na tuchukue mfano wa kina mama watatu wa pwani ya mashariki ya Unguja watengenezao sabuni ya mwani. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara visiwani mwaka 1989, na tija kubwa haimo katika kuuza mwani mkavu bali katika kuusarifu. Maadamu wanauza vipande mia kwa mwezi, daftari moja lawatosha. Siku maduka ya ng'ambo yaanzapo kuagiza, huja ankara, hati za forodha, maswali ya wateja na malalamiko juu ya kifurushi kilichochelewa. Yule ajuaye kupika sabuni hushinda mbele ya kompyuta, na sufuria hulala. Wala hawana uwezo wa kuajiri katibu muhtasi wa kudumu, mwenye meza yake na mshahara wa mwezi.

Hapo ndipo afaapo msaidizi wa mbali: mtu akaaye kwake, pengine Chake Chake, pengine Nairobi au Manila, afanyaye kazi kwa njia ya intaneti kwa saa kumi au ishirini kwa wiki, akalipwa kwa saa hizo tu. Yeye hupanga miadi, hujibu barua za kawaida, hutayarisha ankara na kuwakumbusha wadeni. Kazi ikizidi, saa huongezwa. Kampuni hupata karani kwa kadiri ya haja yake, na mwenye ujuzi hurudi kwenye ujuzi wake.

Lakini msaidizi si dawa ya fujo. Wako wenye biashara wamtwikao mtu mzigo mzima siku ya kwanza, bila ya maelezo, kisha baada ya mwezi wakalalamika kuwa vijana wa siku hizi hawaaminiki. Ambaye hakupata kuandika namna kazi zake zinavyokwenda hukabidhi fujo, na hurudishiwa fujo. Yafaa kuanza na kazi moja, iandikwe hatua kwa hatua, na ithibitike kuwa inakwenda kabla ya kuongeza ya pili. Neno la siri la benki lisitolewe kabisa. Msaidizi atayarishe malipo, mwenyewe ayaidhinishe. Kadhalika, majina na anuani za wateja ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeifanya amana hiyo kuwa pia jambo la kisheria.

Ziko sasa na programu za kompyuta zifanyazo sehemu ya kazi hii, hususan tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022. Huandika rasimu ya barua kwa dakika moja. Lakini huweza pia kumjibu mteja uongo kwa lugha fasaha, na mteja aliyeahidiwa sabuni isiyokuwapo hatamdai mtambo. Kwa hiyo mtambo wahitaji msimamizi, na msimamizi huyo ni karani yule yule, aliyepandishwa daraja.

Upande wa pili wa shauri hili watuhusu zaidi sisi watu wa visiwani. Ufilipino, nchi ya visiwa nayo, imejenga shughuli kubwa ya kuwafanyia wageni kazi za ofisi na za kupokea simu kwa mbali; kufikia mwaka 2023 shughuli hiyo ilikuwa imeajiri zaidi ya watu milioni 1.5. Gharama yake ni usiku. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi, Manila ni saa tatu au saa nne ya usiku, na vijana wengi hulala mchana mwaka mzima. Zanzibar haikulazimika kulipa gharama hiyo. Saa tatu asubuhi ya London ni saa tano au saa sita mchana kwetu. Maskati imetutangulia kwa saa moja tu. Kijana wa Pemba ajuaye Kiingereza na Kiarabu aweza kuhudumu pande zote mbili na bado akalala usiku.

Kinachomzuia ni mambo tuyajuayo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota nchini kote. Na hapana asiyekumbuka giza la Unguja lililoanza Desemba 2009 na kuendelea hadi Machi 2010. Msaidizi asiyepatikana kwa siku tatu hupoteza mteja, wala hapewi nafasi ya kujieleza.

Tena hana tajiri aliyeko nchini wa kumkatia mchango wa uzeeni, na mara nyingi hana mkataba. Hufanya kazi ya mwezi mzima, akaambiwa haikuridhisha, akakosa pa kushitaki. Maofisa wa kazi wamezoea kukagua mahali penye lango na mlinzi. Kazi hii haina lango. Tungeomba Wizara inayohusika itayarishe mkataba wa mfano, wa kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kiingereza, utajao saa, malipo, muda wa kulipa na mahali pa kusuluhishia, na upatikane katika kila ofisi ya wilaya. Kazi hiyo ni ya mwanasheria mmoja na mpiga chapa mmoja, na haina haja ya kungoja bajeti ijayo.