Pima Kwanza, Ndipo Umimine

Wamo miongoni mwetu, hasa vijana, wanaofuga matumbawe nyumbani ndani ya tangi la kioo. Swali lao kubwa huwa ni hili: tutie kalsiamu kiasi gani? Sisi tunaona swali lenyewe limekaa upande.

Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti zilizomo majini. Maji ya bahari huwa na kalsiamu ya miligramu 410 hivi kwa lita, na ualkali wa takriban nyuzi 7 za kipimo cha KH. Sasa tazameni hesabu: kila lita ikipoteza miligramu 20 za kalsiamu kwa ujenzi huo, ualkali hushuka nyuzi 2.8. Kalsiamu ikitoka 420 kwenda 400 hakuna cha kuogopa, lakini ualkali ukitoka 8 kwenda 5.2 tumbawe limo hatarini. Basi cha kupimwa kila siku mbili tatu, tena saa ileile, ni ualkali. Kalsiamu mara moja kwa wiki yatosha.

Sisi wenyewe hatukufanya hivyo. Kila asubuhi tulimimina kalsiamu kwa kukisia, kifuniko kimoja, baadaye viwili, na matumbawe yalipofifia tukazidisha. Kumbe kilichopungua ni ualkali! Tukakurupuka kuupandisha kwa siku moja. Maji yakawa meupe kama tui, pampu ikaganda chokaa, na tumbawe la matawi tulilolilea miaka miwili likachunika nyama likabaki mfupa. Watoto waliuliza nani kaliua. Jibu tulikuwa nalo.

Ualkali upandishwe polepole, usizidi uzi 1 kwa siku. Ukikataa kupanda pamoja na kalsiamu, pima magnesi. Iwe karibu na 1300.

Kwa kuongeza tunapenda maji ya chokaa, maana huleta vyote viwili kwa uwiano uleule tumbawe linaovitumia. Yadondoshwe tone kwa tone, hasa usiku. Ni makali, huunguza macho, kwa hiyo yawekwe mbali na watoto. Na iwe chokaa safi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si ya mwashi wala ya tambuu, ambazo hujui zimechanganywa na nini.

Mwenye tangi dogo na matumbawe mawili matatu asikimbilie chupa yoyote. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki huenda kukamtosha. Fedha hizo anunulie kipimo.