Si kila tairi linaloingia kwenye rimu linafaa

MSEMO wa "ajali haina kinga" umetulemaza. Tairi likipasuka na gari likapinduka, watu wanasema ni mipango ya Mungu, wanazika, mambo yanaisha. Hakuna anayeuliza tairi lile lilitengenezwa mwaka gani, wala kwa ajili ya nchi ya namna gani. Mimi nasema zipo ajali zenye kinga, na kinga hiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi.

Nazungumzia matairi ya mtumba kutoka Ulaya, hasa yale ya theluji. Kule Ujerumani wenye magari wengi wana seti mbili za magurudumu, ya kiangazi na ya baridi. Ya baridi kwa desturi hufungwa kuanzia Oktoba hadi Pasaka, na tangu mwaka 2010 sheria inamtaka dereva awe nayo barabara ikiwa na theluji au barafu. Tairi jipya la aina hiyo huwa na kashata zenye kina cha milimita 8 hivi. Zikibaki milimita 4, dereva makini analiondoa, ingawa sheria inamruhusu kwenda hadi 1.6.

Hapo ndipo mtego wetu ulipo. Kilichotolewa huko kikifika kwetu kinaonekana kama kipya, kwa sababu tunakilinganisha na vipara tulivyovizoea. Bei ni ndogo, meno yanaonekana, mteja anafunga na kuondoka.

Lakini mpira wa tairi hilo umechanganywa uwe laini, usikakamae joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Ukiupeleka kwenye lami yenye joto unalegea mno. Gari linachelewa kusimama, linayumba kwenye kona, na zile kashata ulizozifurahia zinaisha upesi.

Sasa mtazame mfanyabiashara wa Gitambi, wilayani Rusizi. Akiteremka anakuta bonde la Bugarama, sehemu yenye joto kuliko nyingi nchini Rwanda, ambako anapakia mchele. Akielekea Huye anapita Kamembe na kukata msitu wa Nyungwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kona juu ya kona. Wapo watakaoniambia kwamba Nyungwe kuna baridi. Ipo, lakini ni baridi ya sweta, si ya barafu. Wengine watasema kashata zile zinashika tope la barabara za vijijini. Sikatai. Ila mtu mwenye mzigo anauawa na mteremko wa lami, si na tope la mita mia mbili.

Kulitambua si kazi. Tafuta ubavuni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukiuona, muulize muuzaji kwa nini anakuuzia. Kisha tafuta namba nne za mwisho kwenye mfululizo unaoanza na herufi DOT. Zikisomeka 3812, tairi lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2012. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na kashata nene hazirudishi ujana.

Ndugu zetu wanaorejea nyumbani nao wajiangalie. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa nafuu ya ushuru mkazi anayerejea na gari moja alilolimiliki na kulitumia ughaibuni kwa miezi 12 au zaidi. Ni jambo jema. Lakini gari lililopakiwa melini mwezi Januari huenda likashuka Dar es Salaam au Mombasa likiwa limevaa viatu vya Januari.

Tatizo la pili ni rimu. Seti nyingi za theluji huuzwa zikiwa na rimu zake, na fundi akiona matundu yamelingana anasema "imekubali". Chukua mfano. Rimu ya Volkswagen Golf ya kizazi cha nne ina matundu matano kwenye duara la milimita 100, na zipo Toyota zenye mpangilio huo huo. Lakini tundu la katikati la Golf ni milimita 57.1, na kitovu cha Toyota hizo ni 54.1. Rimu itaingia na nati zitakaza, lakini bila pete ya kuziba nafasi hiyo gurudumu halikai katikati, na usukani utatetemeka. Isitoshe, kikalio cha bolti za Golf ni cha mviringo kama mpira, wakati nati ya Toyota imechongoka. Vitu hivyo havikamatani sawasawa, na nati isiyokaa vizuri hulegea njiani.

La tatu ni uzito. Tairi la 175/65 R14 lenye namba 82 linabeba kilo 475. La 195/65 R15 lenye namba 91 linabeba kilo 615. Tofauti ni kilo 140 kwa kila gurudumu, zaidi ya gunia zima la mchele. Ukibadilisha kubwa kwa dogo, mzigo haujui kwamba umebana matumizi. Na wenye Hiace wakumbuke herufi C baada ya kipimo. Tairi la gari dogo halikutengenezwa kwa ajili ya basi la abiria.

Sina ugomvi na mtumba, maana umewavusha wengi. Wala sidai kila mtu anunue jipya. Ninachodai ni kwamba muuzaji aseme wazi aina ya tairi na mwaka wake, na ayaandike kwenye risiti. Vyama vya wasafirishaji viwafundishe madereva kusoma namba hizi, na wakaguzi wasiishie kwenye kina cha kashata.

Mnunuzi naye, kabla ya kulipa, afungue mlango wa dereva. Kwenye magari mengi pana kibandiko chenye kipimo cha tairi na kiasi cha upepo. Aliyelitengeneza gari ameshajibu swali. Tusimuulize mwenye duka.